Mwaka 1878: Waliobaki Memphis

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, mama zangu, vijana, na ninyi mliotoka Nashville tangu asubuhi: karibuni, na poleni na barabara.

Niliombwa nichague mwaka mmoja tu katika historia ya mji huu wa Memphis, Tennessee, tunaoishi, niuzungumzie. Najua wengi wenu mlishanichagulia. Mlitegemea 1968. Mgeni akija Memphis tunampeleka Lorraine Motel, anasimama chini ya kibaraza cha chumba namba 306 alipopigwa risasi Dk. Martin Luther King, anapiga picha, tunarudi nyumbani. Ni sawa kabisa. Wazoa taka waliogoma mwaka ule, wanaume 1,300 waliochoka kunyeshewa na kulipwa makombo, wanastahili kila heshima wanayopewa. Lakini hao wana jumba la makumbusho. Mimi leo nimekuja na mwaka usiokuwa na jumba la makumbusho, miaka 90 kabla ya huo. Nadhani ndio mwaka ulioufanya mji huu uwe ulivyo: nani anakaa wapi, nani anamiliki nini, hata maji tunayokunywa yanatoka wapi. Ni mwaka 1878, mwaka wa homa ya manjano.

Memphis ya wakati huo ilikuwa na watu wapatao 47,000. Ulikuwa mji wa pamba. Meli za mvuke zilishuka na kupanda mto Mississippi zikibeba marobota, reli zilikutana hapa, na wafanyabiashara wa Front Street walikuwa na pesa kwelikweli. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliupita mji huu bila kuuchoma, tofauti na Atlanta. Weusi waliotoka utumwani walimiminika kutoka mashambani ya Mississippi na Arkansas kutafuta kazi na usalama. Kaskazini ya mji, mtaa wa Pinch, walijaa Waayalandi maskini. Wajerumani nao walikuwa wengi, wenye maduka, viwanda vya bia na vikundi vyao vya kuimba. Ulikuwa mji wenye lugha nyingi mitaani, na nasema hivyo nikiwatazama ninyi mliojaa humu na Kiswahili chenu cha Bujumbura, Bukavu, Mombasa na Tabora.

Ila ulikuwa mchafu. Katikati yake kilipita kijito cha Gayoso, na kila kitu kilitupwa humo: kinyesi, mizoga, mabaki ya buchani. Mabomba ya majitaka yalikuwa ya watu wachache wenye uwezo. Barabara kadhaa zilitandikwa vipande vya mbao, mbao zikaoza, zikanuka. Halmashauri ilikuwa na deni linalozidi dola milioni tano na haikuwa na njia ya kulilipa. Na homa ya manjano haikuwa ngeni. Ilikuja mwaka 1867 ikaua mamia. Ikarudi 1873 ikaua watu kama 2,000. Kwa hiyo msije mkadhani mji ulishtukizwa.

Mwezi Mei 1878 meli moja kutoka Havana ilifika New Orleans na ugonjwa ndani. Hapa Memphis, mkuu wa bodi ya afya, Dk. Robert Mitchell, alikuwa ameshadai mapema kwamba mto ufungwe kwa karantini. Wenzake wakampinga kwa kura. Hoja yao mnaweza kuikisia hata kama hamjasoma kitabu chochote: msimu wa pamba unakaribia, ukifunga mto unafunga mfuko. Mitchell akajiuzulu. Mwishoni mwa Julai, habari za New Orleans zilipozidi kutisha, ndipo karantini ikawekwa kwenye kisiwa cha President's Island, kusini kidogo ya mji. Mlango ukafungwa mwizi akiwa sebuleni.

Mtu mmoja, William Warren, mfanyakazi wa meli, alitoroka akaingia mjini na kula kwenye kijihoteli karibu na mto. Akafa mwanzoni mwa Agosti. Mwenye kile kijihoteli, Kate Bionda, mhamiaji kutoka Italia, mke wa mtu na mama wa watoto, alikufa tarehe 13 Agosti, na yeye ndiye aliyetangazwa rasmi kuwa wa kwanza mjini. Vitabu vingi huanzia kwake, kana kwamba ni yeye aliyeuleta ugonjwa. Nawaomba msimbebeshe mama wa watu mzigo usio wake. Alipika chakula akakiuza. Karantini haikuwa kazi yake.

Jina lake lilipotoka gazetini, mji ukakimbia. Hakuna neno jingine. Katika muda wa wiki mbili hivi watu wapatao 25,000, zaidi ya nusu ya mji, waliondoka. Waliondoka kwa treni, kwa mikokoteni, kwa meli, kwa miguu. Watu waliingilia madirishani kwenye mabehewa. Mliowahi kukimbia vita mnajua kituo cha treni au bandari inakuwaje siku kama hiyo, sina haja ya kuwachorea. Miji ya jirani ikajifunga: wanaume wenye bunduki walisimama stesheni na kwenye madaraja, treni ya kutoka Memphis hairuhusiwi kusimama. Baadhi ya waliokimbia walikuwa tayari na kirusi damuni, wakafia porini au kwenye miji waliyofikia. Wengine walihamia kwenye kambi za mahema nje ya mji, ambako walikufa wachache sana ukilinganisha na waliobaki ndani.

Waliobaki walikuwa kama 20,000. Kati yao weusi wapatao 14,000, na wazungu wapatao 6,000, wengi wao Waayalandi maskini. Na hapa ndipo nataka tusimame, kwa sababu hizi namba mbili ndizo hotuba yangu.

Kuna namna mbili za kuwasimulia hawa waliobaki, na zote mbili zinaniudhi. Ya kwanza inasema walikuwa mashujaa, walikataa kuuacha mji wao. Wako walioamua kubaki, na nitawataja. Lakini wengi hawakuamua chochote. Nauli ndiyo iliyoamua. Mtu aliyefua nguo za watu kwa senti, mtu aliyebeba marobota gatini, angekwenda wapi, kwa pesa gani, akapokewe na nani? Mwenye shamba aliyemkimbia mwaka juzi? Ya pili inasema weusi hawakuogopa kwa kuwa homa haiwapati. Hiyo ilisemwa sana wakati ule, na ilikuwa hoja tamu kwa mwenye kutaka mtu wa kumuuguza na kumchimbia kaburi. Mwaka ule weusi waliugua kwa maelfu. Waliokufa kati yao walihesabiwa 946. Kati ya wale wazungu 6,000 walikufa zaidi ya 4,000. Tofauti ni kubwa mno na wanahistoria na madaktari bado wanabishana juu yake: wengine wanataja kinga ya waliowahi kuugua katika milipuko ya nyuma, wengine kitu cha kurithi, wengine mashaka juu ya uhesabuji wenyewe. Mimi si daktari. Ninachosema ni kwamba watu 946 si watu wasioweza kufa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na hila. Mtu hushikwa ghafla na baridi, kichwa kinapasuka, mgongo na miguu vinauma. Siku tatu au nne. Kisha homa inashuka. Mgonjwa anaketi, anaomba supu, ndugu wanamshukuru Mungu. Kwa wengi inaishia hapo na wanapona. Kwa wengine, baada ya siku moja ya nafuu, homa inarudi na safari hii imeshika ini: macho yanageuka manjano, damu inatoka kwenye fizi na pua, na anaanza kutapika matapishi meusi kama machicha ya kahawa. Akifika hapo watu walikwenda kumwita kasisi. Katikati ya Septemba walikuwa wakifa kama 200 kwa siku. Majeneza yalirundikwa njiani yakisubiri gari. Duka baada ya duka limefungwa, majani yakaota barabarani. Watu walichoma mapipa ya lami kwenye kona wakidhani moshi utasafisha hewa, wakamwaga chokaa na dawa za kuulia vijidudu, wakachoma magodoro ya marehemu.

Serikali ya mji ilivunjika. Madiwani wengine wamekimbia, wengine wamelala kitandani. Raia waliobaki wakaunda kamati ya misaada, na kamati hiyo ndiyo ikawa serikali. Mwenyekiti wake, Charles Fisher, naye akafa. Misaada ilianza kufika kutoka nchi nzima: pesa, unga, nyama, mablanketi. Sasa ghala limejaa chakula, nje kuna maelfu ya wenye njaa, na polisi wengi ni wagonjwa au wamekwisha kufa. Nani alinde?

Kamati ikawaita mgambo wa weusi. Kulikuwa na vikosi viwili, Zouave Guards na McClellan Guards, vijana waliokuwa wakifanya gwaride zao Jumapili na siku za sikukuu. Hao ndio walioshika bunduki mbele ya ghala la chakula na kulinda doria mitaani. Na ilipohitajika kujaza nafasi za polisi, kwa mara ya kwanza mji wa Memphis ukaajiri polisi weusi.

Ili mwone uzito wa jambo hilo, turudi nyuma miaka 12 tu. Mei 1866, mwaka mmoja baada ya vita kwisha, polisi wa mji huu pamoja na kundi la raia wazungu waliwaingilia weusi wa kusini mwa mji kwa siku tatu. Waliua watu 46 weusi, wakabaka wanawake, wakachoma nyumba 91, makanisa manne na shule 12. Hakuna aliyehukumiwa. Polisi wengi wa wakati ule walikuwa Waayalandi. Basi hesabu wenyewe: kijana mweusi mwenye miaka 25 mwaka 1878 alikuwa na miaka 13 alipoona shule yake ikiungua. Sasa anasimama zamu usiku kulinda mali ya mji uleule, na anagawa mgawo wa unga kwa mjane wa Kiayalandi wa Pinch. Majina ya vijana hao wengi hayako kwenye mnara wowote mjini. Nimeyatafuta kwenye mawe, sikuyaona.

Yapo majina mengine yaliyoandikwa. Masista wa Kianglikana wa St. Mary's, waliokuwa wakiendesha shule karibu na kanisa kuu la Poplar Avenue, walikuwa mapumzikoni New York habari zilipofika. Sista Constance na mwenzake Thecla walipanda treni wakarudi, wakati kila treni ilikuwa ikibeba watu kwenda upande wa pili. Constance alikufa tarehe 9 Septemba. Thecla akafuata, na Ruth na Frances, na makasisi wawili, Charles Parsons na Louis Schuyler. Kanisa lao linawakumbuka kila tarehe 9 Septemba mpaka leo. Hawa ni kweli waliamua.

Na yuko Annie Cook. Watoto wamo humu ndani kwa hiyo nitasema kwa adabu: alikuwa mwenye nyumba ya starehe mtaa wa Gayoso, iliyoitwa Mansion House, na wateja wake walikuwa watu wakubwa. Homa ilipoingia aliwaruhusu wasichana wake waondoke, akaigeuza nyumba yake kuwa hospitali, akauguza wagonjwa kwa mikono yake. Alikufa tarehe 11 Septemba, siku mbili baada ya Constance. Kabla ya hapo, wanawake wa kanisa wa Louisville walimwandikia barua ya kumsifu. Amezikwa makaburi ya Elmwood, katika kiwanja cha chama cha Howard, kile chama cha kujitolea kilicholeta madaktari zaidi ya 100 na kuajiri wauguzi karibu 3,000. Nimewahi kusimama pale. Sista na mwenye danguro katika wiki moja, ugonjwa mmoja. Mimi sitaki kuwalinganisha. Ila naona watu wanaosimulia habari hii wanamtumia mama Annie kama kitoweo, mwanamke mbaya aliyetubu. Hakuna ushahidi wowote kwamba alitubu. Aliona watu wanakufa, ana nyumba yenye vitanda vingi, akafungua mlango.

Mwezi wa Oktoba akafa kijana mmoja wa miaka 21 aliyekuwa akifanya kazi benki hapa mjini, Jefferson Davis mdogo, mwana wa kiume wa mwisho aliyebaki wa yule Jefferson Davis aliyekuwa rais wa majimbo yaliyoasi ili yabaki na utumwa. Ndivyo ilivyokuwa. Siongezi kitu hapo.

Kisha jalidi ikashuka mwishoni mwa Oktoba, na ugonjwa ukakatika. Waliokufa mjini walizidi 5,000. Waliougua walikuwa kama 17,000 kati ya wale 20,000. J. M. Keating, mhariri wa gazeti la Appeal, ambaye alibaki akaendelea kulichapa gazeti lake na watu wa kuhesabika, ndiye aliyekusanya takwimu nyingi tunazozitumia. Ukichukua bonde lote la mto kuanzia New Orleans, waliokufa walikuwa kama 20,000.

Kwa nini jalidi? Hapo hawakujua. Sisi tunajua, na nataka nitumie dakika chache juu ya hili, maana ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote.

Memphis ya 1878 haikuwa na maji ya bomba kwa watu wa kawaida. Kampuni ya maji ilikuwepo, lakini ilisukuma maji machafu ya mto na kuyauza kwa wachache. Kwa hiyo kila nyumba yenye nafasi ilikuwa na tangi lake. Paa linakinga mvua, mfereji unaishusha, maji yanaingia kwenye birika lililochimbwa uani au kwenye pipa ukutani. Yalikuwa maji safi. Mama wa nyumba aliyathamini kuliko ya mtoni. Sasa yule mbu, Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni, hapendi kijito cha Gayoso. Hapendi kinyesi. Anapenda maji matulivu, masafi, yaliyo kivulini, karibu na watu. Anataga mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji. Maji yakipanda, mayai yanaanguliwa, viluwiluwi vinaning'inia, na baada ya wiki moja na ushei mbu wapya wanaingia dirishani. Anauma mchana, na baridi ya jalidi humuua. Wakati watu wanakimbia uvundo wa Gayoso, muuaji anazaliwa kwenye maji ya kunywa, hatua tano kutoka jikoni.

Mliotoka Dar es Salaam mnamjua huyu. Ndiye aliyewaletea denge mwaka 2014 na tena 2019, na matangazo yote yale ya kumwaga maji kwenye matairi, madebe na vifuu yalikuwa juu yake. Asili yake ni Afrika. Alivuka bahari ndani ya mapipa ya maji ya meli za watumwa, na kirusi cha homa ya manjano kikavuka naye. Ndiyo maana naona ajabu watu walipowashangaa weusi wa Memphis mwaka ule, eti mbona hawafi sana. Biashara ileile iliyowaleta babu zao ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alisema ni mbu mwaka 1881, miaka mitatu tu baadaye. Wakamcheka karibu miaka 20, mpaka tume ya Walter Reed, daktari wa jeshi la Marekani, ikathibitisha mwaka 1900. Chanjo ikaja 1937, kazi ya Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, na kirusi alichokidhoofisha kilitoka kwenye damu ya mgonjwa mmoja wa Ghana, Asibi, aliyechukuliwa damu mwaka 1927. Ile kadi ya njano mliyokuja nayo kwenye bahasha pamoja na pasi imetoka mbali.

Tuendelee. Januari 1879 bunge la Tennessee lilifuta mji wa Memphis. Nisikilizeni vizuri: lilifuta. Mji ukanyang'anywa hati yake, ukaitwa Wilaya ya Kodi ya Shelby. Sababu iliyotajwa ni deni na ugonjwa, na kweli vyote vilikuwepo. Lakini mamlaka ya kupanga kodi yakahamia Nashville, makao makuu ya jimbo, na mahali pa madiwani waliochaguliwa kata kwa kata wakakaa makamishna wachache, baadhi wa kuteuliwa. Wafanyabiashara wakubwa waliokuwa wamekimbia wakarudi na kuuongoza mji kama kampuni. Naambiwa na marafiki zangu wenyeji kwamba hatua hiyo ilikuwa ya busara, iliuokoa mji na mufilisi. Inawezekana. Lakini angalieni mpangilio: Septemba mji unaendeshwa na waliobaki, Januari kura ya kata inafutwa na waliorudi.

Homa ikaja tena 1879 ikaua mamia. Hapo ndipo wenye pesa walipoogopa kweli. Bunge la taifa liliunda bodi ya afya ya nchi nzima mwezi Machi mwaka huo, na mwaka 1880 akaletwa mhandisi George Waring ajenge mabomba ya majitaka. Alifanya kitu kisichokuwa kimejaribiwa kwa ukubwa huo Marekani: mabomba membamba ya majitaka ya nyumbani peke yake, ya mvua yapite kwingine, na matangi yanayojifyatua kuyasafisha. Waring aliamini homa inatokana na hewa chafu ya uozo. Alikosea kabisa, na akafa kwa homa hiyohiyo mwaka 1898 baada ya kurudi kutoka kukagua Havana. Lakini mabomba yake yalikuwa mazuri. Kisha mwaka 1887 wachimbaji wakafikia maji chini ya mchanga, mazuri ajabu, na taratibu watu wakaacha matangi ya mvua. Mbu akakosa nyumba. Kwa hiyo walisafisha uchafu usiohusika kwa sababu isiyo sahihi, na ikasaidia kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Maji yale ya chini ndiyo tunayokunywa hapa mpaka leo.

Wajerumani wengi hawakurudi, walihamia St. Louis. Sensa ya 1880 ilikuta watu 33,592 tu. Viwanja vilianguka bei, na hapa anaingia mtu ambaye wenye biashara mtampenda. Robert Church alizaliwa mtumwa, baba yake mzungu mwenye meli. Mwaka 1866, wakati wa mauaji yale, alipigwa risasi kichwani ndani ya baa yake mwenyewe akaachwa wakidhani amekufa. Hakufa. Baada ya homa, wakati wenzake wanauza kwa bei ya kutupa, yeye alinunua, hasa mtaa wa Beale. Na wilaya ilipoanza kuuza hati fungani ili ijikwamue, hati ya kwanza, ya dola 1,000, aliichukua yeye. Mwaka 1899 akajenga bustani na ukumbi pale Beale, kwa kuwa bustani za mji zilimfungia mtu mweusi. Ukumbi ule ndio uliokuwa kama huu wetu, ila wao walikaa 2,000 na zaidi.

Na kuna binti mmoja. Mwaka 1878 alikuwa na miaka 16, anaishi Holly Springs, Mississippi, mwendo mfupi wa treni kutoka hapa. Mji wao ulikataa kujifunga. Ulipokea wakimbizi wa homa kutoka Grenada. Homa ikaingia nao. Binti alikuwa kwa bibi yake shamba alipoletewa barua kwamba baba na mama wamekufa wote wawili, na mdogo wao wa kunyonya amefuata. Watu wakamkataza asirudi. Alipanda treni ya mizigo akarudi. Wazee wa jamii walikaa kuwagawa wale wadogo zake, huyu aende kwa fulani, huyu kwa fulani. Akasema hapana, akarefusha gauni aonekane mtu mzima, akafanya mtihani wa ualimu na kuanza kufundisha. Miaka michache baadaye akahamia Memphis kwa shangazi yake. Jina lake Ida B. Wells. Wako humu wasichana waliolea wadogo zao kambini Nyarugusu; hamhitaji nieleze huyo ni mtu wa namna gani.

Memphis ndiyo iliyomfanya mwandishi, na Memphis ndiyo iliyomfukuza. Machi 1892 rafiki yake Thomas Moss, mwenye duka la vyakula, alitolewa jela na kundi la wazungu pamoja na wenzake wawili, Calvin McDowell na Will Stewart, wakapigwa risasi. Kosa lao hasa ni kwamba duka lao lilimnyima mzungu wa jirani wateja. Wells aliandika, akawaambia weusi wauhame mji, na maelfu wakahama kwenda Oklahoma. Wazungu wakavunja ofisi ya gazeti lake akiwa safarini, na hakuweza kurudi kuishi hapa tena.

Mwaka uliofuata, 1893, Memphis ilirudishiwa hati yake ikawa mji tena. Wale polisi weusi wa mwaka wa homa walikuwa wameshapunguzwa mmoja mmoja. Waliofuata kuajiriwa na kudumu kazini waliapishwa 1948, miaka 70 baada ya wenzao kusimama mlangoni mwa ghala la unga.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Elmwood iko wazi kila siku, kuingia ni bure, na sehemu ya waliozikwa kwa pamoja bila majina wanaiita No Man's Land. Mwulizeni mlinzi atawaelekeza. Maswali nayapokea, ila la kazi za FedEx, ile kampuni ya vifurushi, na zamu za usiku mwulizeni katibu.